Mkata Miti Aliyeketi Mezani

Leo nataka tufikiri pamoja juu ya msitu mmoja wa kale sana, na juu ya mtu ambaye usingemtazamia kabisa katika habari ya kuokoa msitu. Hakuwa mhubiri, wala mwalimu, wala mtu wa kubeba mabango barabarani. Alikuwa mkurugenzi wa kampuni ya kukata miti.

Tukisikia neno msitu wa mvua, mawazo yetu huenda upesi Kongo, au kwa wale wa magharibi ya nchi yetu, huenda Kakamega. Twadhani misitu ya namna hiyo ni ya nchi za joto tu. Lakini iko pia katika nchi za baridi, na mmoja ulio mkubwa uko pwani ya magharibi ya Kanada, katika jimbo la British Columbia. Huko milima inashuka hadi baharini, na mawingu ya Bahari ya Pasifiki yakigonga milima hiyo hayana pa kupita ila kumwaga maji. Katika mji mdogo wa Tofino, kwenye kisiwa cha Vancouver, mvua ya mwaka mmoja hupita milimita 3,000. Mkulima akinisikiliza ataelewa maana ya hesabu hiyo.

Katika mvua hiyo huota mti ambao watu waliotoka Ulaya waliuita mwerezi mwekundu. Si mwerezi wa Lebanoni tunaousoma katika Biblia, wala si mwerezi wetu wa Aberdare na Mau. (Na huo wetu nao, wataalamu wasema, si wa jamaa moja na ule wa Lebanoni. Watu wakiona mti mzuri wenye harufu, huupa jina la heshima.) Mwerezi mwekundu waweza kuishi zaidi ya miaka 1,000. Mti wa umri huo uliosimama leo ulikuwa tayari na karibu miaka 500 siku ile merikebu za Vasco da Gama zilipotia nanga Mombasa mwaka 1498.

Tena msitu huo una jambo ambalo mimi nililipenda tangu siku nilipolisoma. Samaki waitwao samoni huzaliwa mitoni, huenda kukua baharini, kisha hurudi katika mito ile ile kutaga mayai na kufa. Wakipanda mtoni, dubu huwangoja. Dubu humkamata samaki, humbeba hadi chini ya miti, hula sehemu aipendayo na kuacha nyingine. Mabaki yale huoza na kuwa mbolea. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Victoria waliichunguza miti iliyo kando ya mito hiyo wakakuta ndani yake naitrojeni iliyotoka baharini. Yaani mti mlimani unalishwa na samaki wa bahari, na mwandishi wa barua hiyo ni dubu asiyejua kusoma! Ukikata miti yote ukingoni, udongo huteremka mtoni, mayai ya samaki hufunikwa na matope, na mwaka ujao dubu hana cha kubeba.

Wenyeji wa asili wa mahali hapo ni watu waitwao Nuu-chah-nulth. Walikuwako kabla ya serikali yo yote ya Kanada. Mwerezi kwao ulikuwa nyumba, mtumbwi, kamba, kikapu na nguo. Lakini sikilizeni walivyoutumia. Walibandua ukanda mmoja wa gome, wakauacha mti uendelee kukua. Hata ubao waliweza kuupasua kutoka ubavuni mwa mti uliosimama, na mti usife. Hata leo ukipita katika msitu ule utaona miti mikubwa yenye makovu ya zamani, na matawi yake juu ni mabichi.

Basi ikaja kampuni. Jina lake lilikuwa MacMillan Bloedel, nayo ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote za miti katika jimbo lile. Ilikuwa na leseni ya serikali, ilifuata sheria, iliajiri maelfu ya watu, na baada ya kukata ilipanda miche. Sitaki mtu afikiri nawasema majambazi. Lakini njia yao ya kukata ilikuwa kunyoa kilima chote, kama kichwa cha mtu aliyefiwa, pasipo kuacha hata mti mmoja. Na miche ile waliyoipanda ilitazamiwa kukatwa tena ikiwa na umri kama wa mzee mmoja wa kanisa. Shamba la miti lilikuwepo, naam. Msitu wa miaka elfu haukuwepo tena.

Mwaka 1984 kampuni ilitaka kukata miti katika kisiwa cha Meares, kilicho mbele ya mji wa Tofino. Wenyeji wakatangaza kwamba kisiwa hicho ni hifadhi yao, wakawapokea wakataji ufukoni wakawaambia kwamba wao ni wageni wa kukaribishwa, lakini misumeno yao haikaribishwi. Mwaka 1985 mahakama ikaamuru kazi isimame mpaka haki ya wenyeji ijulikane. Kisha Aprili mwaka 1993 serikali ya jimbo ikatoa uamuzi juu ya eneo zima la Clayoquot linalozunguka kisiwa hicho: theluthi moja hivi ihifadhiwe, na sehemu kubwa ya iliyobaki iruhusiwe kukatwa. Kiangazi hicho maelfu ya watu walikuja kusimama barabarani asubuhi na mapema ili kuyazuia malori. Polisi waliwakamata zaidi ya 800, wakiwemo wanafunzi, walimu, na akina nyanya wenye mvi. Kabla ya hapo Kanada haikuwa imepata kuona watu wengi hivyo wakikamatwa kwa jambo kama hilo.

Nataka pia mfikirie wale waliokuwa ndani ya malori. Walikuwa baba za watoto. Walikuwa na mikopo ya nyumba ya kulipa. Kazi ya baba zao na babu zao ilikuwa ni hiyo, na sasa watu waliotoka mjini waliwatazama kama wauaji. Uchungu katika vijiji vile ulikuwa mkubwa, na watu waliosali pamoja waliacha kusalimiana dukani.

Serikali ikaunda kamati ya wataalamu pamoja na wazee wa Nuu-chah-nulth, nayo ilimaliza kazi yake mwaka 1995. Kamati hiyo iligeuza swali. Zamani mtu aliyepanga kazi ya msitu aliuliza: mwaka huu tunataka magogo mangapi? Kamati ikasema tuulize kwanza ni nini kinachopaswa kubaki, ili mto uendelee kuwa mto na msitu uendelee kuwa msitu. Tukishajua hicho, ndipo tuone kama kuna cha kukata na ni kiasi gani.

Ndugu msikilizaji, hebu litie swali hilo nyumbani kwako. Kanisa linataka kuezeka, na wazee wamekaa kuhesabu nguzo na mbao. Karibu kila mara twaanza na hesabu ya mabati, tukija kwenye miti twasema tu, fundi ataitafuta. Hakuna auliaye ni miti gani ya uwanja huu, au ya bonde lile, ambayo haitaguswa hata kama fedha zimepatikana. Labda wewe una kibali cha kupasua mbao. Labda una lori moja tu la kubeba magogo. Je, katika daftari lako kuna ukurasa wa vile vitakavyobaki?

Serikali iliyapokea mapendekezo ya kamati. Lakini serikali kupokea ni jambo moja, na mwenye msumeno kukubali ni jambo lingine. Hapo ndipo namleta mtu wangu.

Mwaka 1997 kampuni ya MacMillan Bloedel ilimwajiri mkurugenzi mkuu mpya, Mmarekani jina lake Tom Stephens. Alikuta kampuni ina hasara, na wateja wa ng'ambo wana mashaka. Baadhi ya wanunuzi wa karatasi huko Uingereza walikuwa tayari wameacha kununua kwake kwa sababu ya Clayoquot. Mtu huyu alikuwa na historia inayofaa tuijue. Kabla ya hapo aliongoza kwa miaka kumi kampuni ya Manville, iliyotengeneza vitu vya asbesto. Watu wengi waliivuta vumbi ya asbesto wakaugua mapafu, wakafungua mashtaka, hata kampuni ikalazimika kuomba kinga ya kufilisika mwaka 1982. Stephens alichukua uongozi mwaka 1986, na mwaka 1988 kampuni ikatoka katika kinga ile ikiwa imetoa sehemu kubwa ya mali yake kuwa mfuko wa fidia kwa wagonjwa. Basi alikwisha kuona kwa macho yake kampuni kubwa ikiangushwa na kitu ambacho kwa miaka mingi ilikuwa ikisema hakina neno.

Mwezi wa Juni mwaka 1998, Stephens alisimama mbele ya waandishi wa magazeti akatangaza kwamba kampuni yake itaacha kunyoa vilima. Alijipa miaka mitano kuimaliza desturi hiyo. Tangu hapo kila mahali patakapokatwa, miti fulani itaachwa imesimama, mingine mmoja mmoja na mingine katika vichaka, kama ile kamati ilivyoshauri. Sehemu nyingine za msitu wa kale zitatengwa zisiguswe kabisa au ziguswe kidogo sana. Kampuni nyingine za jimbo zilistaajabu, na nyingine zilikasirika, kwa kuwa zilikuwa zimewaambia watu miaka yote kwamba jambo hilo haliwezekani. Wale waliokuwa wakiipinga kampuni barabarani walimpongeza mkurugenzi wake. Wakataji wenyewe walipaswa kujifunza kazi upya, maana kuangusha mti mkubwa katikati ya miti inayopaswa kubaki ni kazi ngumu na ya hatari kuliko kuangusha yote.

Sasa najua mtu mmoja anauliza: je, huyu alitubu, au aliogopa tu kupoteza wateja? Swali ni la haki. Nami sitampaka mafuta. Alikuwa mfanyabiashara, na biashara ilikuwa inaungua. Lakini kumbukeni Zakayo, mkuu wa watoza ushuru. Watu walinung'unika alipotembelewa, na pengine walisema maneno yale yale. Yeye hakusimama kueleza moyo wake ulivyo. Alisimama akataja hesabu: nusu kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyedhulumiwa. Hesabu yaweza kukaguliwa na jirani. Ya Stephens nayo iliweza kukaguliwa. Mtu angepanda mlimani baada ya miaka mitano akahesabu miti iliyosimama.

Tena iko sheria moja katika Kumbukumbu la Torati, sura ya ishirini, ambayo sisi wahubiri tunaisahau. Ni sheria ya vita. Waisraeli waliambiwa kwamba wakiuzingira mji siku nyingi, wasiiharibu miti yake ya matunda kwa shoka. Tazameni jambo hilo: adui yuko mbele, askari wana hasira, kuni na magogo ya kujengea boma vinahitajika, na hapo hapo linawekwa swali la ni mti gani ubaki. Haikungojwa amani ije kwanza.

Stephens hakuwa peke yake, na ingekuwa dhuluma kumtaja bila kumtaja mama mmoja, Linda Coady. Huyu alikuwa makamu wa rais wa kampuni hiyo hiyo katika mambo ya mazingira. Kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kwenda kuketi na watu waliokuwa wakiipiga kampuni yake magazetini na mahakamani, kisha kurudi ofisini kuwaambia wakubwa wake maneno ambayo hawakupenda kuyasikia. Kazi ya namna hiyo haina shukrani. Huku wanakuona umeuzwa, na kule wanakuona mpelelezi. Katika mazungumzo hayo wenyeji wa Clayoquot na kampuni waliunda kampuni moja mpya, wenyeji wakiwa na asilimia 51 na MacMillan Bloedel asilimia 49. Waliipa jina Iisaak, na katika lugha ya Nuu-chah-nulth maana yake ni heshima. Mwaka 1999 Iisaak ilitia sahihi mapatano na vyama vya kulinda mazingira kwamba mabonde yasiyowahi kukatwa hayatakatwa.

Mwaka huo huo MacMillan Bloedel yenyewe ikanunuliwa na kampuni ya Marekani, Weyerhaeuser, na Stephens akaondoka. Mara ngapi tumeona mwenye ahadi akiondoka, na ahadi ikaondoka naye katika mkoba ule ule! Lakini hapa wanunuzi waliishika ahadi ile, na Bi. Coady pamoja na wataalamu wa misitu waliobaki waliendelea na kazi.

Nao waliipeleka mbali zaidi, kaskazini, bara, kwenye msitu mkubwa ambao watu wameupa jina la Msitu wa Dubu Mkuu. Humo wako dubu weupe kama maziwa, ambao kwa kweli ni dubu weusi waliozaliwa na rangi hiyo. Vita vilikuwa vimeanza kule pia, na mwaka 1999 hata duka kubwa la vifaa vya ujenzi la Marekani, Home Depot, lilitangaza kwamba litaacha kuuza mbao za misitu ya kale iliyo hatarini. Mwaka 2000 kampuni kadha na vyama vya mazingira vilikubaliana kila upande ushushe silaha yake. Kampuni zilisimamisha kukata katika mabonde zaidi ya 100. Vyama viliacha kwenda kwa wanunuzi kuwaambia wasinunue. Wala hapakuwa na mmoja aliyekuwa na hakika na mwenzake. Mazungumzo yalikwenda miaka, huku wenyeji wa asili wakiwa na kiti chao mbele ya serikali, si kama mashahidi bali kama wenye nchi. Tangazo kubwa lilitoka Februari mwaka 2006. Mwaka 2007 zikapatikana dola milioni 120 za Kanada kutoka serikali mbili na wafadhili, nusu kwa ajili ya hifadhi na nusu kwa ajili ya kazi na biashara za wenyeji. Na mapatano ya mwisho yalitangazwa tarehe 1 Februari mwaka 2016.

Eneo lile ni hekta milioni 6.4. Hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya Kenya. Katika msitu ulio humo, asilimia 85 haitakatwa kwa biashara, na asilimia 15 inakatwa kwa masharti makali. Kampuni za miti zilitia mkono katika mapatano hayo.

Nisiwadanganye, wapenzi, kwamba kila jambo lilikwenda vyema. Kazi nyingi za msituni katika pwani ile zimepotea, na hazikupotea kwa sababu ya hifadhi tu, bali pia kwa mashine na kwa bei za soko. Mtu wa miaka hamsini aliyejua msumeno tu hakufarijika kuambiwa habari za watalii. Iisaak nayo ilipata shida kujipatia faida, jambo la kutazamiwa kwa kampuni ya mbao inayokata kidogo. Na katika bonde jingine la kisiwa cha Vancouver, liitwalo Fairy Creek, watu zaidi ya 1,100 walikamatwa mwaka 2021 wakizuia barabara kwa ajili ya miti ya kale, wengi kuliko wale wa mwaka 1993.

Lakini Clayoquot kazi iliendelea. Weyerhaeuser ilikwisha kuwaachia wenyeji sehemu yake katika Iisaak, na leseni ya msitu ikawa mikononi mwao. Mwezi wa Juni mwaka 2024 makabila mawili, Ahousaht na Tla-o-qui-aht, pamoja na serikali ya jimbo, walitangaza hifadhi mpya kumi zenye hekta 76,000 hivi za msitu huo. Na kisiwa cha Meares hakikunyolewa. Mgeni akifika Tofino hupanda mashua, huvuka ng'ambo, na kuingia msituni akitembea juu ya njia iliyotandikwa mbao za mwerezi, ili miguu ya watu isikanyage mizizi.